Kisima Kifupi cha Marehemu Shehe

Ijumaa, 3 Februari 1956

Kitabu hiki cha tarehe nimeletewa zawadi na mpwa wangu Uweso, aliyerudi jana kutoka Kampala baada ya kumaliza masomo ya Makerere. Nilidhani ataniletea kanzu. Ameniletea karatasi tupu. "Mjomba," kaniambia, "kila siku niandikie kama mvua imenyesha au haikunyesha. Itanifaa." Nimemwambia nitaandika, na mengine nitaandika pia, maana kitabu ni kinene na habari ya mvua ni neno moja tu.

Atakayekisoma ajue mwandishi wake. Ni mimi Fundi Zubeiri, mwashi wa nyumba, visima na misikiti, ninayejulikana toka hapa Mwera mpaka Makorora. Shule nilisoma madarasa matatu. La nne mwalimu alikuja mwenyewe kumwambia baba: mtoto huyu mchukue, nikiendelea naye atanifundisha mimi.

Mvua: hakuna.

Jumamosi, 4 Februari

Leo nimejua kwa nini mtoto alikuwa akizungukazunguka maneno. Amepata nafasi ya kwenda kusoma chuo kikuu Uingereza, miaka mitatu, serikali inamgharimia. Tulikuwa uani kwa dada yangu Mwanasiti, mama yake. Mke wangu Mboni akapiga kigelegele. Mimi nikauliza kama mtu mzima anavyouliza: "Unakwenda kusomea udaktari au sheria?"

"Jiolojia, mjomba."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Elimu ya mawe. Miamba, udongo, na vilivyomo chini ya ardhi."

Kigelegele cha Mboni kilikatikia kooni.

Mawe! Mimi nimevunja mawe tangu sijaota ndevu. Nimechoma chokaa, nimejenga kuta ambazo mjusi akizipanda huteleza. Kama mawe yana elimu, basi mwalimu wake niko hapa, na safari yake ni hatua chache kutoka jikoni kwa mama yake. Nikamwambia hivyo. Akacheka kwa adabu, hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

"Haya, ukirudi utakuwa nani?" nikamwuliza. "Daktari akipita watu husema, daktari huyo. Wakili akipita husema, wakili huyo. Wewe ukipita watasema nini? Bwana Mawe?"

"Kazi zipo nyingi, mjomba. Dodoma kuna ofisi ya serikali inayochora ramani ya miamba ya nchi nzima, wanatembea milimani kwa miezi. Wengine wanaajiriwa kwenye migodi, almasi kule Mwadui, dhahabu Geita. Wengine huitwa kabla ya kujengwa daraja au bwawa, waseme kama ardhi itabeba. Wengine wanafundisha. Mimi hasa nataka maji."

"Maji?"

"Kutafuta maji ya chini. Nchi hii ina kiu, mjomba."

Mwanasiti alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema: "Sitoi radhi."

Hapo mazungumzo yakaisha. Uweso hawezi kupanda meli bila radhi ya mama yake, na anajua, na sote tunajua.

Mvua: hakuna.

Jumatatu, 6 Februari

Mvua hakuna. Mwanasiti hasemi na mtu.

Jumatano, 8 Februari

Kumbe dada yangu alikuwa anapika neno lake, na leo limeiva. Tangu mumewe Shehe alipofariki, Mungu amrehemu, amekuwa akitaka kumchimbia kisima cha sadaka, watu wanywe na thawabu zimfikie kaburini. Kitongoji chetu hiki cha upande wa pwani hakina kisima cha kunywa. Kile cha msikitini ni cha kutawadhia tu, maji yake ni chumvi, ukiyanywa unahitaji mengine ya kuyateremshia. Wanawake wanapanda hadi Mwera juu na madebe kichwani, kwenda na kurudi jua limeshawaka.

Akamwita mwanawe mbele yangu. "Umesema elimu yako ni ya maji. Mimi sijasoma, lakini maji nayajua, nayabeba kila siku. Mchimbie baba yako kisima hapa kitongojini. Kikitoa maji matamu, utakwenda na radhi yangu yote. Kikitoa chumvi, utatafuta kazi ya ualimu hapo Pangani na mke nitakutafutia mimi."

Uweso akafikiri. Akasema: "Nimekubali, mama. Ila jibu la Uingereza lazima nilitoe kabla ya mwezi wa sita."

"Na mchimbaji nani?" nikauliza, ingawa jibu kila mtu anajua. Baina ya hapa na Tanga kuna mchimbaji gani mwingine? Kile kisima changu cha Makorora nilipokuwa chini watu wa juu waliniona mdogo kama kunguni. Niliingia nimenyoa, nikatoka na ndevu za kuchana.

Mvua: hakuna.

Jumanne, 14 Februari

Mvua hakuna. Mboni ameniambia nisiandike habari zake. Nimeandika.

Ijumaa, 17 Februari

Wiki nzima mpwa wangu anatembea na kinyundo na mfuko. Anagonga mwamba, anaangalia, anaandika. Anakwenda kila kisima cha chumvi anaonja, anatema, anaandika. Watu wanauliza, Fundi, mpwa wako amepatwa na nini? Nawajibu kuwa ni mbinu za kizungu. Lakini moyoni nimechoka.

Leo amenimaliza. Kaja na kipande cha tumbawe, jiwe letu hili hili la kujengea, akanionyesha vijitundu vyake. "Mjomba, hili lilikuwa hai. Ni wadudu wa baharini, waliishi hapa zamani sana bahari ilipokuwa juu, wakafa, wakawa jiwe."

"Unaniambia mimi nimejenga msikiti kwa maiti?"

"Kwa nyumba zao, mjomba. Kule Uingereza jiwe linakatwa jembamba kama karatasi mpaka mwanga unapita, halafu unalitazama kwa darubini, unaona limeumbwaje."

Jiwe lipitishe mwanga! Halafu watu wanasema mwongo ni mimi. Mimi nilipowaambia kuwa mamba wa Mto Pangani aliuma kamba ya pantoni nikamvuta yeye na pantoni pamoja hadi Bweni, walinicheka. Huyu akisema jiwe linapitisha mwanga wanasema amesoma.

Mvua: hakuna. Joto la kutoa mtu akili.

Jumamosi, 25 Februari

Ugomvi. Mahali nilipopachagua mimi ni karibu na msikiti, bondeni, kila mtu apaone. Uweso amepakataa. Amechagua nyuma ya jiko la mama yake, juu kidogo, mbali na bahari, mahali ambapo hata mbuzi hapapendi.

Si hilo tu. Amesema maji yatatoka kwenye pima tatu, kama urefu wa watu watatu, na tukishayafikia tushuke mkono mmoja tu, basi tusimame.

"Pima tatu?" nikamwambia. "Hicho si kisima, hilo ni shimo la choo."

Mwanasiti alikuwa jikoni anapika mafuta ya nazi. Uweso akamwomba upawa. Akatuita tuinamie sufuria. "Tazama, mjomba. Mafuta yako juu, maji yako chini, havichanganyiki. Chini yetu ni hivyo hivyo. Maji ya mvua yameingia kwenye mwamba yakakaa juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji ya bahari ni mazito. Ukichota juu taratibu," akapitisha upawa juujuu, "unapata mafuta. Ukizamisha," akauzamisha, "unaleta vyote."

Mwanasiti akampiga kofi mkononi. "Usinichafulie mafuta yangu! Nimeelewa tangu uliposema tazama." Akanigeukia. "Na wewe, kaka, umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Nini cha kutoelewa? Lakini kisima ni kisima na mafuta ni mafuta. Kisima kirefu ndicho kisima. Hilo alilisema baba yangu, na baba yake alilisema kabla yake, nao hawakuwa na sufuria.

Mvua: hakuna.

Jumatatu, 5 Machi

Tumesoma fatiha tukaanza. Msaidizi wangu ni Rafaeli, Mbondei wa kule mashamba ya mkonge, Mkatoliki, mgongo kama ukuta na maneno machache. Yeye sururu, mimi mtaimbo. Mwamba mgumu.

Mvua hakuna.

Jumamosi, 10 Machi

Mwamba. Mvua hakuna.

Jumanne, 13 Machi

Mwamba. Mkono wa kulia umevimba. Rafaeli ameniuliza Uingereza nako wanachimba namna hii? Nikamwambia kule jiwe hulikata kama karatasi. Akapiga sururu mara mbili, akasema, "Basi wangetuletea kisu chao, Fundi."

Ijumaa, 16 Machi

Maji! Yamejichuja ukutani kwenye pima tatu kamili, pale pale mtoto aliposema. Sitaki kulirefusha hilo. Hata saa mbovu hupatia.

Tumeshuka ule mkono mmoja. Uweso akaingia mwenyewe, akaonja, akatoka anacheka kama alipokuwa mdogo. Mwanasiti ameonja, amefumba macho. Amesema tutasubiri wiki, maji yatulie, ndipo atakapotamka.

Mvua: hakuna.

Jumatatu, 19 Machi

Uweso amekwenda Tanga kupimwa na daktari na kushughulikia karatasi za safari. Atarudi Jumamosi. Amenishika mikono yote miwili: "Mjomba, tafadhali, tusiongeze chini. Na watu wachote kidogo kidogo." Nikamwambia nenda salama, kisima kina mwenyewe.

Jioni kaja Mastura, jirani wa Mwanasiti, mwanamke ambaye ulimi wake ungetumika kunyolea. Akasimama ukingoni, akachungulia, akaita na wenzake.

"Fundi Zubeiri, hiki ni kisima au shimo la kupandia mnazi?"

"Kisima."

"Aa! Maana naona mpaka kope zangu humo. Kile cha Makorora ulichotuhadithia, uliingia ukatoka na ndevu. Humu je? Hata usingizi wa mchana hujapata."

Wakacheka, wakagongana mikono. Mmoja akasema marehemu Shehe alikuwa mrefu, kisima chake kingekuwa kirefu walau kama yeye akisimama juu ya wenzake wanne waliopandana mabegani.

Sikulala vizuri.

Jumanne, 20 Machi

Nimefikiri. Mtoto anajua vitabu. Mimi najua watu. Kisima hiki kitasimama miaka mia na jina litakalotajwa si la kitabu, ni la fundi. Tukiongeza pima moja tu, nani atadhurika? Maji yatazidi, wanawake hawatapanga foleni, marehemu atapata thawabu kwa wingi.

Rafaeli akasema: "Lakini Uweso alisema tusimame."

"Uweso ni nani kwangu?"

"Mpwa wako."

"Basi. Shika sururu."

Tumekomba maji kwa debe kutwa nzima na kuchimba ndani ya maji. Mwanasiti aliuliza kelele za nini, nikamwambia tunasafisha tope tu. Kazi ya wanaume.

Alhamisi, 22 Machi

Tumemaliza. Pima nne na ushee, mwamba mtupu, siku tatu. Atokee mtu pwani hii aniambie amefanya hivyo. Maji yamejaa mpaka kifuani. Mastura amekuja, ameona maji yalivyojaa, amekwenda zake. Nimelala kama mtoto.

Mvua: hakuna.

Ijumaa, 23 Machi

Chumvi.

Jumamosi, 24 Machi

Nitaandika kirefu kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Jana asubuhi Mwanasiti alichota ndoo ya kwanza baada ya maji kutulia. Ndiyo siku aliyoweka. Alivaa kanga mpya. Akanywa funda moja, akaliweka mdomoni, akaniangalia, akalimeza. Hata kutema hakutema, kwa heshima ya marehemu. Akamwaga ndoo mchangani polepole, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nikaonja mimi. Bahari.

Nikafukiza ubani kisimani. Nikamwita maalim akasoma. Nikasema ni husuda ya jicho la Mastura, na bado sijaliondoa wazo hilo kabisa. Nikatia majivu. Mboni akaniambia: "Tia na ndimu basi, tupate supu." Nilimfukuza.

Leo adhuhuri Uweso karudi na basi la Tanga. Uso unang'aa, daktari amempasisha. Akaja moja kwa moja kisimani kabla hata ya kunywa maji. "Shikamoo mjomba." Nikaitikia nikiangalia pembeni. Akatupa kamba yenye jiwe, akaivuta, akaipima kwa mikono. Akaipima tena. Akaonja.

Nilijiandaa. Nilikuwa na majibu yangu yote tayari, nimeyapanga kama matofali. Nilitaka aseme, Mjomba umefanya nini, nami nimjibu: wewe ulikuwa wapi, ungeona wanavyotucheka.

Hakusema. Akaikunja kamba vizuri, akaitundika mahali pake, akaingia kwa mama yake.

Na kule ndani, nilisimama dirishani, nikasikia. Mwanasiti akasema: "Mahali ulipochagua wewe, mwanangu. Tumekubaliana chumvi ni jibu."

"Ndiyo, mama."

"Una la kusema?"

"Sina, mama."

Adabu gani hii? Nani aliyemfundisha mtoto huyu kumsitiri mtu mzima namna hii hata mtu mzima akakosa pa kusimama? Nimekasirika mpaka kichwa kinauma. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Mvua hakuna, wala dalili.

Jumapili, 25 Machi

Sikwenda kwa dada kusema lolote. Nilikwenda kuchukua mtaimbo wangu. Nikakuta uani pamejaa: Mwanasiti mkekani, Uweso ameinamisha kichwa, Mastura na wanawake wawili wamekuja kumpa pole, yaani kuangalia.

Mastura alikuwa ameshaanza. "Pole, shoga. Usimlaumu mtoto, ilaumu hiyo elimu ya mawe. Wanapelekwa mbali wanarudi na kinyundo. Miaka yote Makerere, anatuchimbia shimo la pima tatu, na hilo pima tatu lenyewe chumvi. Hata Fundi hapa hana haja ya kujisifu, pima tatu kila mtu anachimba. Mimi na mwiko wangu nachimba pima tatu."

Wakacheka.

Mungu anajua sikukusudia. Damu ilinipanda. "Pima tatu nani?" nikasema. "Pima tatu nani, wewe mwanamke? Nenda kapime! Pima nne na ushee hizo! Nimezichimba mimi, mkono huu, mwamba mtupu, ndani ya maji, siku tatu tu, Rafaeli shahidi! Mwiko wako utoe hapa!"

Nikasikia jogoo wa nyumba ya tatu.

Mwanasiti akainua kichwa. "Siku tatu zipi, kaka?"

Nikainama kutafuta mtaimbo wangu.

"Uweso alikwenda Tanga tumeshafika maji. Siku tatu zipi?"

Uweso akasema haraka: "Mama, yaache."

"Wewe nyamaza." Akasimama. Mimi ni mkubwa wake, nilimbeba mgongoni huyu, lakini leo nilijiona mfupi. "Ulielewa sufuria, kaka Zubeiri, au hukuelewa?"

"Nilielewa."

"Ukazamisha upawa."

"Walikuwa wanacheka, Mwanasiti."

"Nani?"

Nikamwonyesha Mastura kwa kidevu. Mastura akajifanya anafunga kanga.

Dada yangu akamgeukia mwanawe. "Na wewe ulikuwa tayari kuozea Pangani ili mjomba wako asiaibike?"

Uweso akasema: "Ni mjomba, mama."

Mwanasiti akakaa. Kwa muda mrefu alikuwa akiupitisha mkono mkekani kama anafagia makombo. "Kinatengenezeka?" akauliza.

"Huenda. Kijazwe chini tena mpaka pale niliposema, kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, ushindiliwe. Kisichotwe. Masika ikinyesha vizuri maji ya juu yatarudi. Ikichelewa, sijui."

"Basi neno langu ni lile lile, maji ndiyo yatakayosema. Na atakayejaza ni aliyechimbua."

Jumanne, 27 Machi

Umewahi kusikia fundi kuzika kazi yake mwenyewe? Nimeshusha mawe niliyoyapandisha. Yale yale, nayajua moja moja. Rafaeli anayashusha bila neno, ila kila jiwe analitazama kidogo kabla ya kuliachia.

Mvua hakuna.

Jumamosi, 31 Machi

Udongo wa mfinyanzi umeshindiliwa. Kisima kimefunikwa kwa makuti. Mastura kapita. Nilimngojea. Akasema tu, "Pole na kazi, Fundi." Hilo nalo limeniudhi.

Ijumaa, 6 Aprili

Mvua hakuna. Mawingu yamekuja, yameangalia, yameondoka.

Jumanne, 10 Aprili

Hakuna.

Ijumaa, 13 Aprili

Ramadhani, chungu cha kwanza. Mvua hakuna. Kufunga bila mvua na Mboni anakaanga vitumbua jirani na pua yangu.

Uweso kila alasiri hukaa nami barazani. Leo nimemwuliza, kwa hasira, kwa nini hakusema. Akajibu: "Ningesema, mama angeniamini, na wewe usingeniamini tena. Nami kazi hii nitaifanya na watu kama wewe maisha yangu yote, mjomba. Kila kijiji nitakachokwenda nitamkuta Fundi Zubeiri wake."

"Hakuna mwingine," nikamwambia.

"Ndiyo hivyo hivyo kila mmoja atakavyosema."

Nimelitafakari neno hilo hadi futari. Sijaamua kama ni sifa.

Jumatano, 18 Aprili

Hakuna. Watu wanaswali kuomba mvua. Mimi naomba zaidi yao wote na siwezi kusema kwa nini.

Jumamosi, 21 Aprili

Mvua! Imeanza alfajiri kama mtu anamwaga gunia la choroko juu ya bati. Nimetoka nimesimama uani mpaka kofia imelowa. Mboni kaniita mwendawazimu.

Jumapili, 22 Aprili

Mvua. Nyingi.

Jumanne, 24 Aprili

Mvua. Nimeonja kisima kwa siri baada ya magharibi. Chumvi, lakini imechoka.

Jumatatu, 30 Aprili

Mvua. Barabara ya Tanga imekatika, matope. Chumvi ya kutia kwenye uji.

Ijumaa, 4 Mei

Mvua. Siwezi kusema tena. Ulimi wangu nimeuonjesha mno, haunipi ushahidi. Nimemwomba Rafaeli aonje, akasema, "Fundi, mimi nilikulia maji ya mtaro wa mkonge. Kwangu yote ni matamu." Wa nini mtu huyu?

Jumatatu, 7 Mei

Sasa nisikilizeni. Leo nimekwenda kufuturu kwa dada. Tende, uji, mtungi wa maji. Nikanywa bilauri mbili kwa kiu, ya tatu nikasimama. Maji haya siyajui. Ya Mwera juu yana harufu ya majani. Haya hayana kitu.

"Mwanasiti, maji haya ya wapi?"

Akaendelea kumimina uji. "Ya nyuma ya jiko."

"Tangu lini?"

"Tangu Alhamisi nafungulia hayo."

Uweso akaangusha tende.

"Tangu Alhamisi!" nikasema. "Mimi naramba ndoo kwa siri kama paka, mwanao usingizi hapati, na wewe unakunywa unanyamaza?"

"Yale ya kwanza niliyatazama wiki moja yakanisaliti," akasema. "Haya nimeyanywea funga. Sikutaka kusema neno halafu nilirudishe."

Akajimwagia maji kidogo kiganjani, akampaka mwanawe utosini, mara tatu. "Nenda. Haya ni maji ya baba yako. Radhi yangu unayo, hai na maiti. Na huko ukifundishwa usiwe na haraka ya kuwaaibisha watu, hilo unalo tayari, ulitunze."

Mtoto akalia. Mimi nilikuwa na mchanga jichoni.

Jumamosi, 12 Mei

Idi. Kitongoji kizima kimechota. Nimeifunga kamba ya kisima fundo kubwa jekundu: likifika ukingoni, ndoo isishuke zaidi. Nimesimama ukingoni toka swala mpaka adhuhuri, nikatangaza mfano wa mafuta na sufuria kwa kila aliyekuja. Wengine wameusikia mara nne. Mastura kaja na kamba yake ndefu kutoka nyumbani.

"Hiyo ya nini?" nikamwuliza.

"Ya kuchotea, Fundi. Nataka yale ya chini yaliyo baridi."

Nikaichukua, nikaikata kwa kisu mbele ya watu, nikamrudishia nusu. "Ya chini si yako. Ni ya bahari."

Akanitazama. "Mbona leo unajivunia ufupi?"

"Kurefusha kila mtu anaweza," nikamwambia. "Hata wewe na mwiko wako. Kazi ni kujua pa kusimama, na pwani nzima anayejua ni mmoja."

Uweso alikuwa nyuma yangu. Nilisikia pumzi ya mtu anayezuia kicheko.

Jumatano, 30 Mei

Ameondoka asubuhi na basi. Barabara imefunguka. Nilikwenda kumsindikiza hadi njia panda nikambebea sanduku, zito, nadhani ameweka mawe. Nikamwuliza, kweli huko jiwe litapitisha mwanga? Akasema atanitumia picha. Nikamwambia asitume picha, atume jiwe.

Mwanasiti hakuja njia panda. Alibaki kisimani anawachotea watu.

Mvua: imenyesha kidogo alasiri. Kina cha maji: ndoo inajaa kabla fundo halijafika ukingoni. Ladha: matamu. Nimeandika mimi, Fundi Zubeiri, mjenzi wa kisima kifupi kuliko vyote toka Pangani mpaka Tanga.